Valvu ya sprinkla inavuja: yaulize maji kabla ya kushika bisibisi

Nyumba tunayokaa Mbezi Beach tuliikuta na bustani ya ukoka na sprinkla za kuchomoza, laini tatu, zote zikiongozwa na taima iliyofungwa ukutani karibu na pampu. Valvu zenyewe zilikuwa ndani ya kisanduku cha plastiki kilichofunikwa na nyasi kiasi kwamba tulikigundua kwa kujikwaa. Kwa miezi kadhaa hatukujua kama kuna kasoro. Kilichotuzindua ni LUKU. Uniti zilikuwa zinakwisha kabla ya siku zake, na usiku watu wamelala pampu inanguruma sekunde ishirini, inanyamaza, baada ya robo saa inanguruma tena.

Fundi wa kwanza alibadilisha valvu nzima. Baada ya wiki tatu maji yakaanza kuchuruzika pale pale. Wa pili naye akabadilisha. Ya tatu niliifungua mwenyewe, kwa hasira zaidi kuliko ujuzi, nikakuta chembe ya mchanga kama punje ya chumvi imebanwa chini ya mpira. Nikaisuuza, nikafunga, maji yakakata. Zile mbili za mwanzo sikuwa nimezitupa. Nilipozifungua baadaye zote zilikuwa nzima. Sasa ni spea zangu.

Tangu hapo sifungui valvu kabla sijatazama mambo mawili: maji yanatokea wapi, na yanatokea wakati gani. Ukiyajua hayo, kasoro umeshaijua kwa sehemu kubwa, na bisibisi inakwenda kuthibitisha tu.

Nani anafunga maji?

Valvu nyingi za sprinkla za majumbani, ziwe Hunter, Rain Bird au zile zisizo na jina, zina mwili wa plastiki, kifuniko kilichokazwa kwa skrubu, na kati ya hivyo viwili mpira wa duara uitwao diaframu. Juu ya mpira kuna springi. Juu ya kifuniko kuna koili, yaani sumaku ya umeme, mara nyingi ya volti 24, na ndani yake kipini cha chuma kinachopanda na kushuka.

Wengi hudhani koili ndiyo inayofunga maji. Haina nguvu hiyo. Maji yanajifunga yenyewe. Yakiingia kwenye valvu, kiasi kidogo hupenya kwenye kitundu chembamba na kujaa katika chumba kilicho juu ya mpira. Presha ya juu na ya chini inalingana, ila juu maji yanakandamiza mpira mzima, na chini yanasukuma ukingo wake tu, kwa kuwa sehemu ya katikati imekalia mdomo wa njia ya kutokea, ambako hakuna presha. Juu kunashinda, mpira unabana, maji yanasimama. Taima ikileta umeme, koili inanyanyua kipini na kufungua kijia kidogo; maji ya chumba cha juu yanakimbilia upande wa sprinkla upesi kuliko yanavyoingia. Juu kunalegea, mpira unanyanyuka, bustani inapata maji.

Basi valvu inayopitisha maji wakati imezimwa ina mojawapo ya kasoro mbili. Ama mpira haukukaa sawasawa juu ya mdomo, ama chumba cha juu kinakosa presha, kwa sababu kitundu cha kuingilia kimeziba au kuna mahali presha inatorokea. Yote yanayofuata kuhusu uvujaji wa ndani yanatoka hapo.

Kwanza hakikisha mkosaji ni valvu

Laini ikizimwa, maji yaliyobaki bombani hushuka na kutokea kwenye sprinkla iliyo chini kuliko nyingine. Bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 30 limebeba takriban lita 15, na zote zinaweza kutokea kwenye sprinkla hiyo moja. Ukitazama dakika kumi baada ya kuzima utaapa kwamba valvu inavuja. Subiri. Rudi baada ya saa mbili. Kama pamekauka, valvu haina kosa. Bustani yako ina mteremko tu. Dawa yake ni kuweka kwenye sehemu ya chini sprinkla zenye kizuizi ndani kinachoshikilia maji yaliyobaki. Kama bado panachuruzika, na asubuhi bado, hapo ni valvu.

Kwa nyumba za pampu ya presha kuna kipimo kingine kizuri. Pampu inayowaka usiku bila mtu kufungua bomba inakuambia presha inashuka mahali fulani. Funga valvu kuu inayopeleka maji bustanini, kisha usikilize kwa saa moja. Ikinyamaza, tatizo liko bustanini. Ikiendelea, usichimbe nyasi bure: tazama valvu ya pampu ya kuzuia maji yasirudi, na tazama vyoo. Tenki la choo linaweza kuvuja kimya kimya kwa mwaka mzima bila mtu kusikia.

Jaribio la tatu ni la taima. Chomoa waya mmoja wa koili ya laini inayosumbua. Maji yakikata, valvu ilikuwa inatii amri; ni taima inayoendelea kupeleka umeme, au kuna programu mbili zinazofuatana ambazo mtu aliziweka akazisahau. Nimeona hilo kwa jirani: fundi alishachimba shimo la magoti, kumbe taima ilipangwa kuwaka saa kumi na mbili asubuhi na tena saa moja.

Ukitaka kujua kama inastahili kukusumbua, kinga maji kwenye chupa. Chupa ya nusu lita ikijaa kwa dakika tano, hizo ni lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, na kwa wiki moja umemwaga simtank ya lita 1,000.

Maji yanachuruzika kwenye sprinkla, hayakatiki

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ndiyo yenye sababu nyingi. Nenda kutoka jepesi kwenda gumu.

Fungua kisanduku. Kabla ya kuingiza mkono, chungulia. Tandu, nyigu na vyura wanapapenda sana mahali penye kivuli na unyevu. Kisha shika koili kwa vidole na uizungushe kama saa inavyokwenda. Ikiwa imelegea, presha ya chumba cha juu inatorokea chini yake kuelekea upande wa sprinkla, na valvu haitafunga kamwe. Kaza kwa mkono tu. Hapo hapo kuna skrubu ndogo ya kufungulia kwa mkono na kutolea hewa. Watoto huichezea, na anayekata nyasi huigusa bila kujua. Ifunge. Nisingeandika haya mawili kama yasingekuwa yamemaliza kesi nyingi nilizoitiwa na majirani.

Halafu isafishe bila kuifungua. Fungua valvu kwa mkono kwa skrubu ile ile, acha maji yaende kwa kasi dakika mbili au tatu, funga, kisha rudia mara kadhaa. Mkondo mkali huweza kung'oa chembe iliyokaa juu ya mdomo. Kama uvujaji ulianza baada ya maji kukatika na kurudi, au baada ya kisima kusafishwa, au baada ya bomba kupasuka na kuungwa, jaribu hili kwanza, kwa sababu maji yanayorudi huja na tope na kutu.

Isipokubali, ifungue. Funga maji kwenye chanzo na uzime pampu na taima. Toa presha iliyobaki kwa kulegeza skrubu ya hewa mpaka maji yaache kutoka. Zoa udongo wote unaozunguka valvu, tena zaidi ya unavyoona unatosha, na futa kifuniko kwa kitambaa chenye maji. Ni aibu kufungua valvu kutoa mchanga ukauingiza mwingine. Piga picha kwa simu. Anza na koili: izungushe itoke, ukiikinga kwa kiganja, maana kipini na springi yake hudondoka, na springi hiyo ikishaingia kwenye ukoka umeipoteza. Bonyeza kipini kwa kidole. Kinapaswa kurudi chenyewe bila kusita. Nchani mwake kuna kipande kidogo cha mpira kinachoziba kijia. Kikiwa na alama ya kuchimbika, au kina mchanga, hapo ndipo presha inapotorokea. Kipini kilichochafuka safisha kwa maji na mswaki. Hapa pwani, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, utakuta kimeshika kutu na ukoko mweupe. Ukoko wa chokaa huondoka ukikilowesha kwenye siki kwa saa moja, lakini chuma kilicholika na kutu hakirudi.

Kama una valvu nyingine jirani isiyovuja, badilishana koili. Kasoro ikihama na koili, umeokoa kazi ya kufungua kifuniko. Kasoro ikibaki palepale, endelea.

Legeza skrubu za kifuniko kidogo kidogo, kwa mtindo wa msalaba. Nyingi ni za nyota, na nyingine zina kichwa kinachokubali spana pia. Tumia spana ukiweza, maana skrubu ya zamani iliyoliwa kichwa itakugharimu mchana mzima. Nyanyua kifuniko taratibu huku ukishika springi. Toa mpira na utazame ulivyokaa kabla ya kuugeuza: una upande wa juu na wa chini, na mara nyingi una tundu au ulimi unaopaswa kulingana na njia ya maji kwenye mwili wa valvu.

Sasa usome. Uinue mpira juani na kuuvuta kidogo pande zote. Mwanga ukipenya mahali pasipo na kitundu chake halali, umetoboka. Pitisha kidole sehemu inayokalia mdomo. Kijifereji cha duara kisicho kirefu ni cha kawaida, ni alama ya kukaa kwa miaka. Kijifereji kirefu, mpasuko, au mpira uliokauka ukawa mgumu kama kandambili iliyoachwa juani, huo wa kubadilishwa. Kisha tafuta kile kitundu chembamba cha kuingizia maji. Kikiziba, chumba cha juu hakijai, na valvu hubaki wazi kabisa au huchukua muda mrefu mno kufunga. Kizibue kwa unywele wa mswaki au uzi wa nailoni, na kwa kupuliza. Usitumie sindano wala msumari. Ukikipanua kidogo tu, maji yataingia juu upesi kuliko koili inavyoweza kuyatoa, na utakuwa umebadilisha valvu isiyofunga kuwa valvu isiyofunguka.

Pitisha ukucha kwenye mdomo ndani ya mwili wa valvu. Mchanga au chokaa toa kwa kitambaa. Mkwaruzo unaoshika ukucha ni habari mbaya, kwa sababu mdomo wa plastiki haubadilishwi peke yake. Mpira mpya utavuja pale pale. Watu hujaribu kuulainisha kwa msasa. Mimi niliujaribu, nikapata miezi minne, nikanunua valvu.

Kabla ya kufunga, kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka, nadhani kwa sababu inalowesha. Kifuniko kikiwa bado wazi, mwombe mtu afungue maji ya chanzo kwa sekunde chache, taratibu. Maji yatabubujika na kuleta mchanga uliokuwa umejificha bombani ukisubiri ufunge. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilipata kokoto mbili na kipande cha gundi ya PVC kilichokauka. Hivyo ndivyo valvu mpya ya fundi wa pili ilivyokufa: ilifungwa juu ya bomba lenye takataka.

Rudisha mpira kama kwenye picha, springi katikati, kifuniko juu yake. Ingiza skrubu zote kwa vidole kwanza, ndipo ukaze kwa msalaba, kila moja kidogo, mpaka kifuniko kikae sawa pande zote. Acha hapo. Plastiki haikazwi kama nati ya gurudumu. Kama mpira unahitaji kulainishwa ili ukae, tumia maji au grisi ya silikoni. Grisi ya gari huvimbisha baadhi ya mipira. Fungua maji taratibu, toa hewa kwa skrubu, funga, kisha washa kwa taima na uzime mara mbili tatu.

Na tafadhali usikate diaframu kutoka kwenye tyubu ya gari. Kwa washa ya bomba la kawaida, yaani kile kipande cha mpira kinachoziba maji, tyubu inakusogeza siku chache. Diaframu ina unene wake, kitundu chake na umbo lake, na tyubu haina hata kimoja kati ya hivyo.

Sprinkla zote zimechomoza na hazizimi

Hapa si mchirizi, ni laini nzima inayomwaga maji hata taima ikiwa imezimwa. Sababu ni zile zile kwa kiwango kikubwa zaidi: mpira umechanika, kitundu kimeziba kabisa, kipini kimekwama juu, au kokoto imekaa mdomoni. Ila kuna mbili za kuongeza.

Kama tatizo limeanza mara tu baada ya valvu kufungwa upya, tazama mshale uliochongwa kwenye mwili wake. Lazima uelekee kwenye sprinkla. Ikigeuzwa, maji yanakuja upande wa mdomo na kuusukuma mpira juu badala ya kuukandamiza.

Ya pili ni ya taima za betri. Koili zake si za volti 24 za mkondo geu. Ni za mkondo mnyoofu, zinazopokea mshtuko mfupi kufungua na mwingine wa kinyume kufunga. Ukibadilisha waya mwekundu na mweusi, valvu itafungua inapotakiwa kufunga. Koili za aina hizo mbili hazibadilishani hata kama zinakazika kwenye tundu lile lile la kifuniko. Ukienda Kariakoo nenda na ya zamani mkononi, na sema taima yako ni ya betri au ya umeme.

Inavuja tangu tulipohamia maji ya tenki

Suala hili silioni kwenye vijikaratasi vya maelekezo, ilhali ndilo letu hasa. Pampu imeharibika, au umechoka na LUKU, ukaamua bustani inywe kutoka kwenye simtank lililo juu ya mnara. Valvu ile ile iliyofanya kazi miaka mitano inaanza kuchuruzika, au haifunguki vizuri, au inachukua dakika nzima kufunga. Unafungua, kila kitu kiko safi.

Rudi kwenye namna inavyojifunga. Inategemea presha. Kila mita 10 za urefu wa maji ni takriban presha ya bar 1. Tenki lililo mita 4 juu ya bustani linakupa bar 0.4. Watengenezaji wengi huandika kiwango cha chini kati ya bar 1 na bar 1.5 kwa valvu za aina hii. Chini ya hapo mpira hausukumwi vya kutosha, na kinachobaki kuubana ni springi peke yake. Hakuna kilichoharibika, na mpira mpya hautasaidia.

Njia ni mbili. Rudisha pampu, au toa valvu ya koili na uweke valvu ya kishikio ya robo mzunguko, ile unayoigeuza kwa mkono, ambayo haidai presha yoyote. Zipo pia valvu za mota zinazogeuza tufe kwa umeme na kufanya kazi hata kwa presha ndogo, kama hutaki kuacha taima. Lakini kwa bar 0.4 hata sprinkla zenyewe hazitachomoza wala kurusha maji inavyopaswa, kwa hiyo huenda swali lako halikuwa la valvu tangu mwanzo.

Kisanduku chenyewe kimejaa maji

Sprinkla ni kavu ila kisanduku ni bwawa. Uvujaji ni wa nje. Chota maji kwa kopo, kausha kwa kitambaa, funga uso wa valvu kwa karatasi ya chooni na utazame inaloana wapi kwanza. Ni njia ya kijinga inayofanya kazi vizuri kuliko macho.

Ikiloana kwenye mshono wa kifuniko, ama skrubu zimekazwa upande mmoja, ama ukingo wa mpira umekunjwa. Legeza zote, kaza upya kwa msalaba. Ikiloana chini ya koili, ni oringi, ile pete ndogo ya mpira. Toa koili, badilisha oringi, kaza kwa mkono. Ikiloana kwenye maungio ya kuingilia au kutokea, tepu ya bomba imechoka au haikutosha: fungua, toa ya zamani yote, zungusha tepu mpya mara tatu au nne kuelekea upande wa kukazia. Usiongeze mizunguko kumi ili kujihakikishia. Kiungo cha plastiki kinachoingia ndani ya valvu ya plastiki ni kabari, na tepu nyingi ikikazwa kwa spana ndefu hupasua mdomo wa valvu. Ufa huo hauonekani siku hiyo. Huonekana pampu ikishaanza kupiga mara kwa mara.

Mwili ukiwa na ufa, usipake gundi. Epoksi hushika wiki mbili, tatu, halafu huachia siku umesafiri.

Haifunguki, au inavuma tu

Hii si ya kuvuja, lakini hutokea baada ya mtu kutengeneza uvujaji. Tazama kishikio cha kupunguza maji juu ya kifuniko. Kama kilifungwa wakati wa matengenezo, kifungue. Fungua kwa mkono kwa skrubu ya hewa: sprinkla zikipanda, upande wa maji uko sawa na tatizo ni la umeme. Pima koili kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ikiwa imechomolewa. Za volti 24 kwa kawaida husoma kati ya omu 20 na 60. Ikisoma kama waya uliokatika, imekufa. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua ndani na inaweza kuunguza taima.

Koili ikiwa nzima, tazama viungio vya waya. Tepu nyeusi ya umeme ndani ya kisanduku chenye unyevu haidumu. Shaba inageuka kijani na volti hazifiki. Tumia viungio vyenye jeli ndani. Mvumo mkali bila kufunguka mara nyingi ni volti pungufu au kipini kilichojaa uchafu. Na usijaribu koili kwa umeme wa ukutani. Huo ni wa volti 230, na kisanduku kina maji.

Valvu ya zamani ya shaba, ya mkono

Bustani za zamani hazina taima wala koili. Kuna valvu ya shaba yenye gurudumu dogo, na bomba linalopanda hadi sprinkla ya kuzunguka. Nazipenda, kwa sababu karibu kila kitu ndani yake kinatengenezeka.

Maji yakitoka kwenye shina la gurudumu unapofungua, na kukata unapofunga, ni kifungio cha shina. Kaza nati iliyo chini ya gurudumu robo mzunguko. Isipotosha, funga maji ya chanzo, fungua nati, ondoa uzi wa zamani, zungushia uzi mpya wa grafiti au hata tepu ya bomba iliyosokotwa kama kamba, rudisha. Gurudumu linapaswa kuzunguka kwa ugumu kidogo, si kwa kupigana nalo.

Maji yakipita hata ukifunga mpaka mwisho, ni washa. Fungua kichwa cha valvu kwa spana kubwa, huku spana ya pili ikishika mwili ili usilikate bomba chini ya ardhi. Bomba la chuma la miaka thelathini hukatika kirahisi, na hapo kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili. Badilisha washa kwa ya kipenyo kile kile, kisha tazama mdomo wa shaba. Tofauti na plastiki, huu unaweza kusagwa ukawa laini kwa kifaa cha kusagia midomo ya koki, kama fundi wako anacho.

Ukifungua ukakuta hakuna washa bali bamba la shaba linaloshuka kama mlango wa shimo, hiyo ni getivalvu. Mchanga umejaa kwenye mtaro wake wa chini, au bamba limelika. Hiyo siitengenezi. Weka ya kishikio cha robo mzunguko.

Ukishamaliza

Kama ulikuta mchanga, utaukuta tena, labda uzuie mlangoni. Weka chujio la wavu kabla ya valvu ya kwanza. Lenye matundu ya mikroni 130 hivi linatosha kwa sprinkla. Lisafishe kila mwezi kama maji yako ni ya kisima, na kila mara maji ya mgao yanaporudi yakiwa mekundu.

Nunua mpira wa spea na oringi moja kwa kila aina ya valvu uliyonayo, ukijua kwamba mpira wa Hunter hauingii kwenye Rain Bird, na hata ndani ya kampuni moja hutofautiana kwa modeli. Kama ya kwako haina jina na spea zake hazipatikani, badilisha mwili mzima mara moja, na safari hii weka yunioni, yaani kiungio kinachofunguka, pande zote mbili ili wakati mwingine itoke bila msumeno.

Chini ya kisanduku mwaga kokoto kina cha sentimita kumi kabla ya kurudisha mfuniko. Maji ya mvua yatazama, na utakapokuta pameloana utajua ni valvu.